Kijino cha Kaseti

Juzi binti wa dada yangu alikaa karibu yangu na simu yake, akasema, "Mujomba, uone hii." Ilikuwa filamu ya mpira wa Waamerika, ule wa mpira wenye umbo la yai, wachezaji wamevaa kofia ngumu na mabega ya kubandika. Mtu fulani alikuwa anaisimamisha filamu kila baada ya sekunde chache, anachora mishale ya njano, anamzungushia huyu duara na kumwekea yule msalaba. Binti huyu anacheza mpira wa miguu kwenye timu ya shule, na anasema filamu hizi zinamfundisha kusoma mchezo. Nilitazama kidogo tu, nikamwonyesha beki aliyesimama pembeni kabisa. "Huyu atageuza kichwa," nikamwambia. Akakigeuza. Mtu ambaye beki huyo alipaswa kumlinda akampita mgongoni, akaenda zake peke yake.

"Mujomba, unajua hii mupira?" Alishangaa kweli. Nikanyamaza. Lakini wewe tunajuana siku nyingi, ngoja nikusimulie, maana kuna mtu mmoja nilimkosea na sijawahi kulisema hili kwa mdomo wangu.

Nililelewa Kapata na kambo, mama yake mama yangu. Unazijua zile nyumba za kampuni ya shaba, zimejipanga mstari mmoja kama wanafunzi mbele ya bendera, kila moja na mlango wake wa bati na kiwanja chembamba nyuma. Asubuhi king'ora cha kazi kililia, wanaume wakaenda, na mimi nikachota maji, nikafagia uwanja, nikachambua sombe, yale majani ya mihogo, hadi vidole vikawa vya kijani. Jumamosi sisi tuliiita siku ya posho, kwa sababu zamani ndiyo siku ambayo kampuni iliwagawia wafanyakazi unga. Wakati wangu unga ulikuwa umeshaanza kuchelewa na jina lilibaki. Siku hiyo kambo alipika bukari, ugali wetu, na binkubala, wale viwavi waliokaushwa, na harufu yao kwenye mafuta ya mawese ilifika hadi barabarani.

Siku ya posho mchana ilikuwa pia siku ya filamu. Mwalimu wetu wa darasa la sita alikulia Sandoa, karibu na misheni, na mchungaji mmoja Mwamerika alipoondoka alimwachia kaseti tatu za mpira wa kwao. Mwalimu hakuwa na televisheni. Jirani yetu alikuwa nayo, yule Mwislamu aliyetoka upande wa Maniema, aliyeleta mahindi na mihogo kutoka Sandoa kwa kamyo, lori lake. Alikuwa na televisheni, deki ya video, na kamera ya kupigia filamu za harusi. Tulivua viatu mlangoni, tukakaa kwenye mkeka, mke wake akatupa chai ya tangawizi, kikombe kimoja kwa watu wawili.

Sisi ndio tuliokuwa timu ya watoto ya Kapata, na mwalimu ndiye aliyekuwa kocha wetu. Alikuwa hajawahi kuucheza mchezo ule wa Waamerika na nina hakika sheria zake hakuzijua hata nusu. Mwaka mzima tuliamini kwamba wale wenye mashati ya milia ni timu ya tatu, ambayo haipati mpira kwa sababu ni wavivu, kumbe walikuwa waamuzi. Kambo alikuja mara moja kutazama, akasema, "Banaanguka, banasimama, banaanguka tena. Hawa batu hawana mashamba?" akarudi kwenye sufuria yake. Lakini mwalimu alikuwa amegundua jambo moja: mchezo ule unasimama kila mara, kwa hiyo unaweza kuukata vipande, na kila kipande ukakiuliza maswali. Nani alikuwa wapi? Nani alimdanganya nani? Alisimamisha filamu, akapanga mawe sakafuni. Ya kijani, yale ya shaba tuliyoyaokota popote, yalikuwa sisi. Meusi yalikuwa adui. Kila mtoto alisogeza jiwe lake na kueleza kwa nini.

"Musiangalie mupira," alisema kila wiki. "Mupira batu yote banauona. Muangalie mutu mwenye hana mupira."

Kipande alichokipenda kuliko vyote kilikuwa hiki. Mtupaji anajifanya amempa mpira mkimbiaji, watu wote wanamrukia mkimbiaji, na upande wa mbali kuna beki mmoja ambaye kazi yake ni kumlinda mtu mmoja tu. Beki yule anageuza kichwa kutazama vurugu. Mara moja tu, muda wa kupepesa jicho. Mtu wake anaondoka, na mpira unamfuata. Mwalimu alirudisha kipande kile hata mara kumi. "Kichwa," alisema. "Muone kichwa yake. Hapa njo mechi inakufa." Mimi ndiye niliyebonyeza vifungo vya deki, na nilijua kukisimamisha pale pale kichwa kinapoanza kugeuka.

Nilikuwa na kazi nyingine pia. Kaseti mpya ina kijino cha plastiki ubavuni. Ukikivunja, deki haiwezi kurekodi tena juu yake, na kilichomo kinabaki salama. Jirani alinifundisha kukivunja kwa ncha ya kisu kwenye kaseti za harusi, na nilijivunia kazi ile kuliko alama zangu za hesabu.

Basi tukafika mechi ya mwisho, Jumapili alasiri, sisi na watoto wa mjini. Jirani alipanda juu ya kamyo yake na kamera. Mwalimu alinipanga beki wa kulia, akanishika bega: "Kazi yako ni mutu mumoja. Namba kumi na moja." Nilimshika namba kumi na moja mechi nzima, sikumwachia hata nafasi ya kupumua. Tulikuwa sare, bao moja kwa moja, na zimebaki dakika chache. Wakaja na mpira upande wa pili, kukawa na vurugu, watu wakapiga kelele, na mimi nikageuza kichwa. Ni hivyo tu. Nilipokirudisha, namba kumi na moja alikuwa mbele ya goli peke yake na mpira mguuni. Golikipa wetu alijirusha vizuri sana, na mpira ukapita chini ya mkono wake. Watu waliojaa pembeni waliona kitu hicho kimoja, mpira unapita chini ya mkono.

Golikipa yule alikuwa rafiki yangu, tulikaa dawati moja. Babu yake alitoka Kasai kuja kuchimba shaba, baba yake alizaliwa hapa, na yeye mwenyewe hakuwa amefika mbali zaidi ya stesheni. Lakini ulikuwa mwaka ule unaoujua. Wakubwa wa siasa walikuwa wanasema kwenye redio kwamba watu wa Kasai warudi kwao, na watu waliokula pamoja miaka yote walianza kuulizana asili. Kwa hiyo hata saa moja haikuwa imepita tangu mechi iishe, na neno lilikuwa limezunguka Kapata nzima: mtoto wa Kasai ameuza mechi. Jumatatu aliimbiwa shuleni. Jumanne mawe yaliangukia bati la nyumba yao. Mama yake alianza kufunga mizigo.

Alhamisi alikuja kwenye uzio wetu. Nilikuwa nachambua sombe. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

"Mama anataka tuende kesho stesheni," akasema. "Nimemulomba tungoje siku ya posho."

"Juu ya nini?"

"Juu ya film. Tata jirani yenu alipiga yote kule juu ya kamyo. Batu bataona kama ule mutu alibakia peke yake. Mi sitaki kuenda na ile jina ya muuzaji." Akaniangalia. "Mi najua ule mutu alikuwa wa nani. Siko na kisirani na weye. Unaweza kusema mbele, ao unaweza kuacha film iseme. Kwangu ni moja."

Nikamwambia sawa. Hilo ndilo neno nililompa, sawa.

Ijumaa mchana jirani alikuwa anapakia kamyo, mke wake yuko nyuma anapepeta mchele. Akanipa kaseti ya mechi, niirudishe mwanzo na kuvunja kijino. Niliiingiza kwenye deki. Nikatafuta dakika zile za mwisho, na nilikuta kila kitu. Kutoka juu ya kamyo uwanja wote unaonekana, na kichwa changu kinageuka katikati ya picha kana kwamba kimewekewa duara. Nikarudisha, nikatazama tena. Nikamwona namba kumi na moja anaondoka. Nikafikiria mwalimu atakavyosema "kichwa" mbele ya timu nzima, jinsi watakavyocheka, na jina nitakalopewa. Kisha nikarudisha kidogo tena, nikabonyeza kifungo chekundu cha kurekodi, nikakaa kwenye mkeka dakika kumi kamili huku deki inakula.

Unisikilize vizuri hapa. Mimi ningechekwa wiki mbili. Jina langu halikuwa la Kasai, hakuna mtu ambaye angerusha jiwe kwetu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na hilo nililijua, usiniambie nilikuwa mtoto.

Siku ya posho nyumba ilijaa, hata watu wazima walikuja, wengine wamesimama dirishani. Golikipa alikuwa amevaa shati la kanisani. Kipindi cha kwanza tulitazama vizuri, mwalimu anasimamisha, mawe yanasogea. Tukafika mwishoni, watoto wa mjini wanakuja na mpira, na ghafla picha ikaruka, akatokea mtu mwenye tai anasoma habari za Kinshasa. Watu waliangua kicheko. Walicheka hadi machozi, wakaiga sauti ya msomaji. Jirani akajishika kichwa, akasema, "Huyu mutoto, aligusa wapi tena?" akacheka naye.

Golikipa peke yake hakutazama televisheni. Alikuwa ananitazama mimi. Alikuwa amejifunza vizuri.

Mwalimu aliitoa kaseti, akapitisha kidole gumba ubavuni, akakikuta kijino bado kipo. Aliniangalia, akaangalia watu wazima waliosimama dirishani, na nikamwona anaogopa. Kisha akasema, "Tuweke ya Baamerika," akaniachia deki. Nimemlaumu kwa hilo miaka mingi, kwa sababu kumlaumu yeye kulikuwa rahisi. Yeye pia alikuwa hatazami mpira siku ile ya mechi, alikuwa amekiona kichwa changu tangu Jumapili.

Golikipa na watu wa kwao walihamia stesheni jioni ile ile. Watu wengi walikuwa kule wakisubiri mabehewa, wamelala juu ya mizigo siku nyingi. Jumanne kambo alikaanga mikate ya mafuta, akaifunga kwenye kitambaa ikiwa bado moto. "Upelekee mwenzako. Safari iko murefu," akasema, "na ukuje unisalimie mama yake." Nilifika pale reli inapopinda, ambapo unaanza kuona paa la stesheni. Nikakaa juu ya jiwe. Nikaila mikate yote, mmoja baada ya mwingine, mpaka tumbo likaniuma, nikakunja kitambaa na kurudi. Kambo akauliza kama walifurahi, nikasema walifurahi sana. Akanisifu kwa jirani kwamba nina moyo.

Sasa nami nimezeeka kiasi. Nafanya kazi Kingamyambo, kwenye udongo uliotupwa na wachimbaji wa zamani, tunaupitisha tena kutoa shaba na kobalti walizoziacha. Kambo tulimzika zamani. Jirani alirudi kwao na kamyo haikurudi. Mwalimu alikufa kabla sijapata ujasiri wa kumwuliza kwa nini, au yeye kuniuliza mimi. Uwanja wetu umezungushiwa uzio na kuna shimo ndani yake, na mawe yale ya kijani siku hizi mtoto akiyaokota anafukuzwa na walinzi. Deki huwezi kuipata hata kwa mafundi. Mwezi uliopita, kwenye matanga ya mtu wa Kapata, mmoja wa umri wangu aliikumbuka ile mechi. "Na ule gardien mwenye alituuzisha!" akasema, yaani golikipa, na watu wazima wenye mvi walicheka. Na mimi nilikuwa na kikombe cha munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, mkononi, nikacheka. Golikipa yule kama yuko hai sijui, sijawahi kumtafuta. Kati ya vitu vyote vya Kapata yetu, kilichodumu bila nyufa ni uongo wangu.

Ndiyo maana nilinyamaza juzi. Lakini binti huyu haachi jambo, alinivuta mkono. "Nani alikufundisha?" Nikamweleza kuhusu mwalimu, kaseti tatu, mawe ya kijani na meusi, timu ya tatu ya wavivu. Alicheka sana, nami nikafurahi. Nikamsimulia na mechi ya mwisho, bao moja kwa moja, dakika chache zimebaki. Akaisimamisha simu yake anisikilize vizuri.

"Halafu? Balifunga namna gani?"

Nilikuwa na neno tayari. Lilikuwa mdomoni kabisa, fupi, neno la mwalimu. Nikaangalia macho yake, anavyonipenda.

"Gardien," nikasema. "Ilipita chini ya mukono yake."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akabonyeza kitufe, na wale watu wa kofia ngumu wakaendelea kukimbia.