Diski Iliyobeba Sauti ya Kokoo

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mlio ulinigutusha kitini kabla sijaona unakotoka: tak, tak, tak, kisha kimya, kisha tak tena. Nilidhani ni kuku anayedonoa bati. Kumbe ni kompyuta yetu nzee, ile tuliyoinunua ikiwa imetumika, iliyokaa sebuleni kwetu Kitengela chini ya kitambaa cha kufuma kama mgeni wa heshima.

"Baba, usiizime," binti yangu Naserian aliniambia. "Ukiizima haitawaka tena. Diski yake inakufa."

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi Naserian alikuwa anaolewa. Na ndani ya mashine ile kulikuwa na sauti ya mama yangu, bibi ambaye watoto wangu walimwita Kokoo. Miezi michache kabla hajafariki alirekodi baraka za bibi harusi, ameshika maikrofoni kwa mikono miwili kama kibuyu cha maziwa. "Nisipokuwepo," alisema, "nitakuwa humu." Miaka hiyo simu zetu zilijua kupiga na kupokea tu. Hakukuwa na nakala nyingine popote.

Dawa ilijulikana: diski ya nje, kijisanduku cha kuchomeka kwenye kompyuta ili uhamishie vilivyomo. Naserian alitaka kuniandikia maswali ya kuuliza dukani. Nilicheka. Mimi, niliyezeeka nikinunua ng'ombe soko la Bisil, niandikiwe maswali?

Nilikwenda kwa Mama Fardosa, mjane aliyeuza vifaa vya kompyuta karibu na steji ya matatu. Nikazipima diski kwa macho, nikazipapasa mgongo, nikachagua ndogo iliyong'aa. Alipofungua kinywa aniulize kitu, nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Nyumbani niliichomeka. Taa yake ilimulika mara moja, ikafifia. Nikachomoa, nikarudia. Ikafifia tena.

"Umetuletea fahali asiyesimama," mke wangu alisema, akichambua mchele wa harusi. Hakuinua hata kichwa.

Lazima nikueleze aibu ya kazi yetu, mwanangu. Sokoni kwetu mnunuzi harudishi mnyama. Anayerudi na ng'ombe aliyemchagua mwenyewe amekiri mbele ya wote kwamba hana macho. Basi nilikaa pale nikiilinda sifa yangu, na mashine inazidi kugonga. Naserian akaja akasimama mbele yangu. Hakulia. Aliuliza tu, "Baba, unamlinda nani?"

Nikabeba diski, nikarudi.

"Sopa, mzee," Mama Fardosa alinisalimia kwa lugha yangu.

Sikuitikia. "Umeniuzia kitu kimekufa."

Akaichomeka kwenye kompyuta yake. Ikawaka vizuri kabisa. Wateja wawili wakaanza kutazama viatu vyao.

"Mzee, ukinunua fahali Bisil, si unauliza kwanza ametoka malisho gani?"

"Nauliza."

"Na kama amezoea majani mengi, na wewe uko na boma kavu?"

"Namwacha."

"Sasa hii yangu inakula umeme wa kompyuta. Yako iko na umri gani?"

Nilipomwambia, akaguna. "Hiyo haiwezi kulisha mgeni. Nipe hiyo, chukua hii kubwa. Iko na plagi yake ya ukutani, inajilisha. Lakini itahamisha polepole. Ndani uko na nini?"

Nikataja: picha, barua zangu za kamati ya kanisa, sauti ya mama yangu.

"Anza na mama. Hizo barua nani anazisoma?"

"Epa," nikasema. Ndilo jibu la sopa; salamu yake ilikuwa imeningoja muda wote huo. Akacheka mpaka akashika kaunta.

Tulipoichomeka, taa iliwaka ikabaki. Naserian alianza na baraka za Kokoo tu. Mstari wa kijani wa kwenye skrini ulisogea kama ng'ombe mchovu anayepanda kilima. Chai ikapoa vikombeni, hakuna aliyeigusa. Ulipofika mwisho, akazifungua kutoka kwenye diski mpya. Sauti ya mama yangu ikajaa sebule, pamoja na kikohozi chake na jogoo aliyemkatiza. Mke wangu akapiga kigelegele. Mimi niliruka, mwanangu, niliruka kama moran kijana, kwa magoti haya haya! Tulipogeukia picha, mashine ikapiga tak ya mwisho, ikanyamaza. Picha zilikwenda nayo, na barua zangu pia. Hadi leo hizo barua hakuna aliyeziulizia.

Basi nisikilize. Unapoingia usipopajua, uliza kama unavyouliza kwenu. Ukikosea, rudi upesi, kabla kiburi chako hakijamgharimu asiyehusika. Na ukipata nafasi ndogo ya kuokoa, anza na kile ambacho hakuna duka litakalokuuzia tena. Enkai, Mungu wetu, akupe macho, akupe na mdomo wa kuuliza. Akuwekee njiani watu wa kukwambia ukweli wakicheka nawe. Uende mbali, na sauti za wazee wako zikufikie huko.

Jumamosi Mama Fardosa alikuja na kompyuta yake na spika mbili kubwa. Kokoo alizungumza, na kwa kila baraka nyumba nzima iliitikia, "Naai!" Mama Fardosa naye aliitikia, tena kwa nguvu kutushinda. Kwetu bibi harusi hageuki nyuma anapoondoka kwao. Naserian alitembea shingo imenyooka, shanga zikilia, bibi yake akimsindikiza kwa maneno hadi kizingitini. Alipovuka, hakugeuka. Nikafunga mlango nyuma yake kwa mkono wangu mwenyewe.