Mkamwana Mvivu na Shamba Tupu

Msimu ule mahindi ya majirani zetu hapa Uriri yalikuwa yamefika magotini, na shamba langu lilikuwa tupu. Lilikuwa limelimwa, magugu yameng'olewa, lakini tupu. Jirani mmoja, mama wa kanisa anayeamka mapema ili aone nani hajaamka, alisimama uani kwetu akauliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Nyar Kuria, utakula udongo? Ama ulikuja hapa kulala?"

Ni kweli, mimi ni binti wa Kikuria niliyeolewa kwa Wajaluo. Katika boma hili mama mwenye boma ndiye anayetia ardhini mbegu ya kwanza, kisha wakamwana wanafuata. Mama mkwe wangu alikuwa amelazwa Migori mjini, kifua kimembana, hata kuketi hawezi. Kupanda kabla yake ni kusema kwamba harudi tena.

"Namngoja mama," nilijibu.

"Hiyo mila ilipitwa na wakati. Wewe ni mvivu tu, umepata pa kujificha."

Mimi, mvivu! Mimi niliyelilima shamba lile mara mbili, mikono ikachubuka! Nilikasirika. Lakini sikugusa mbegu, kwa sababu kila nilipompelekea mama uji hospitalini alikuwa na swali moja tu: "Mmepanda?" Nikisema bado, alikunywa uji wote.

Akapona, akarudi. Hakuingia nyumbani, alinishika mkono tukaenda moja kwa moja shambani. Alipoona udongo mweusi usio na hata jani moja, machozi yakamtoka.

"Mlijua nitarudi."

"Kwani ungeenda wapi, mama?"

Nilimletea kiti cha plastiki, nikachimba shimo miguuni pake, naye akadondosha mbegu. "Haya, chi wuoda," akaniambia, yaani mke wa mwanangu. "Sasa panda."

Jirani yetu alikuwa anapita. Alisimama, akatikisa kichwa. "Mama, huyu amekuchelewesha sana."

"Aliyechelewa ni mimi," mama akasema. "Huyu alikuwa hapa kitambo, ananingoja."

Jirani akashika njia yake. Nilipanda shamba zima siku hiyo hiyo, nikiimba kwa Kikuria, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.