Ngeni, Mpungate wa Bibi

Juzi nilikuwa Ibadakuli nasubiri usafiri, nikamwona kijana anauza maua kando ya barabara, kayapanga kwenye madumu yaliyokatwa. Katikati kulikuwa na kidude cha duara, kidogo kama ngumi ya mtoto, miiba mwili mzima. Kijana akaniamkia shikamoo bibi, akaanza kunifundisha: hii inaitwa kaktasi, yaani mpungate, asili yake milima ya Amerika ya Kusini, haitaki maji mengi. Nikaitikia marahaba, nikamwacha amalize. Angejua kwamba nilikwisha kuishi nyumba moja na hicho kidude enzi za mkoloni, asingejisumbua.

Sisi tulimwita Ngeni, yaani mgeni, kwa Kisukuma cha bibi yangu mzaa mama. Baba alikuwa kibarua kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita, mama akamfuata, mimi nikaachwa kwa bibi karibu na Tinde kwa sababu kambini watoto walikuwa wanauguaugua. Safari moja mama alikuja kutusalimia, na wakati wa kuniaga akanipa kikopo chenye kile kidude, alichopewa na mke wa mzungu ambaye mama alikuwa akimfulia nguo. "Usilie," akaniambia. "Kikitoa ua, nitakuja kukuchukua." Basi nikawa na kazi moja tu duniani, kusubiri ua.

Kwanza bibi alitaka kujua huyu ni nani. Boma letu lilizungushiwa minyaa, na mnyaa ukiuvunja unatoa utomvu mweupe kama maziwa, unaopofusha macho. Akakichoma kile kidude kwa mwiba wa mgunga, akachungulia. Maziwa hakuna, majimaji tu. "Huyu si wa ukoo wa minyaa," akasema. "Huyu katoka mbali. Ni ngeni." Na mgeni kwa Msukuma, ndugu yangu, hakai na kiu. Kila asubuhi bibi alimwinamia, akamwamkia mwangaluka, akammiminia kata ya maji, na maji yenyewe ni ya kuchimba mchangani mtoni, tunagombania na ng'ombe. Mimi nilikuwa nanawa uso kwa kiganja kimoja, Ngeni anakunywa kata nzima.

Ukarimu ule ulimwozesha. Akalegea, akawa kahawia chini, akaanza kunuka kama kiazi kilichosahaulika. Nililia mpaka nikapata kwikwi, maana kwangu iliyokuwa inakufa pale ni safari ya kwenda kwa mama. Bibi hakunibembeleza. Alichukua kisu, akakata ubavuni vichipukizi viwili vilivyokuwa bado vizima, akavianika juu ya jiwe pamoja na michembe, vile vipande vya viazi vitamu tunavyokausha kwa ajili ya njaa ya kiangazi. "Kidonda kikauke kwanza," alisema. Nikawa nafukuza mbuzi kutwa, kwa ajili ya michembe na kwa ajili ya Ngeni. Jioni, michembe ikichemka na harufu yake tamu imejaa jikoni, nilikuwa nachungulia chunguni nihakikishe hajapikwa.

Vilipokauka, bibi alivipanda kwenye mchanga wa mtoni uliochanganywa na majivu, kikopo akakitoboa chini kwa msumari. Kimoja kikasinyaa. Kingine kikashika. Safari hii kiangazi chote alimnyima maji Ngeni, akipita anamwamkia tu na kumwomba avumilie. Mwaka huo hakikutoka kitu. Mwaka uliofuata, mvua zikiwa zinakaribia, chini kabisa ubavuni kikachomoza kitumba chekundu.

Siku hiyo jirani yetu, mama mmoja aliyezoea kuja kutwanga na bibi, alikiona. Nilikuwa nyuma ya ghala, nikamsikia akisema kwa sauti ndogo, "Mama, si ukinyofoe tu? Nani atajua? Huyu mtoto akienda, utabaki na nani humu?"

Mchi wa bibi ukasimama. Alikuwa mjane, na bomani tulikuwa sisi wawili tu.

"Mtoto analisubiri," akajibu, akaendelea kutwanga.

Ua lilifunguka jua lilipopanda, jekundu, dogo, halina hata harufu. Mchana uleule bibi alijifunga kitenge, akaenda kwa miguu mpaka barabarani, akasimamisha lori linaloelekea machimboni. Alimwagiza dereva amwambie mama kwamba limechanua. Nilikuwa nimemshika mkono, nikahakikisha ameyasema yote.

Boma lile halipo tena. Minyaa imeng'olewa, pamejengwa fremu za maduka, na aliyepanga humo hajui kwamba paliwahi kuanikwa michembe. Ngeni alibaki na bibi, na bibi alipofariki sikumkuta aliyejua kikopo kilikwenda wapi. Mimi sasa ndiye bibi. Nimeletewa wajukuu, nimewalea, wamekuja kuchukuliwa, na kila mara nyumba inakaa kimya wiki nzima. Nampenda yule bibi kuliko nilivyompenda wakati ule, kwa sababu wakati ule sikujua alikuwa anatunza nini.

Mama alipotokea uwanjani na mzigo wake kichwani, nilirukaruka kwa furaha, nikazunguka boma zima nikiimba kwamba naondoka. Bibi alinipigia makofi.