Ukuta wa Maji ya Kunde

Nilikuwa nikimtunza bibi mmoja Mpolandi kwenye fleti yake Alexandria, ile ya Marekani. Alikuwa mchoraji, na tangu ujana wake huko Krakow alibuni pia mandhari ya michezo ya jukwaani. Picha zake zilijaa ukutani, lakini kazi za jukwaani hakubakiwa na hata moja. Mchezo ukiisha, mandhari huvunjwa na kutupwa. Mimi ningelia. Yeye alisema ndiyo kazi yenyewe.

Macho yalikuwa yanamwishia alipopewa kazi ya mwisho: chumba cha mjane, kwa mchezo wa wanafunzi wa chuo kikuu cha College Park. Umbo alilichora, akakwama kwenye rangi. Basi ikabidi atumie macho yangu.

"Hii rangi gani?" aliniuliza, akinionyesha karatasi aliyoipaka.

"Kahawia."

"Kahawia ya nini?" alifoka, utadhani nimemtukana.

Nami nina hasira zangu. Nikamwambia kwetu Mombasa tuna maji ya kunde, tuna damu ya mzee, achague anayoitaka. Akataka aletewe kunde. Nikazichemsha jikoni kwake, yeye akinusa mvuke, mimi nikichanganya rangi mpaka ikafanana na yale maji. Ukawa ndio ukuta wa mjane. Mlango tukaupa damu ya mzee, ile nyekundu iliyokolea karibu na nyeusi. Tukapaka vipande vya karatasi, vikapelekwa chuoni viwe mfano.

Jioni ya onyesho nilimpeleka. Yeye aliona mwanga tu. Pazia lilipofunguka akanishika mkono.

"Ukuta umetoka sawa?"

Haukutoka. Vijana walizidisha nyeupe, ikawa chai ya maziwa, na muda wa kurekebisha haukuwepo. Kwetu mgonjwa haambiwi neno chungu. Hata aliyebaki mifupa tunamwambia leo afadhali. Na hii ilikuwa kazi yake ya mwisho.

"Haukutoka, bibi. Wametia maziwa."

Nikajuta papo hapo. Baadaye akauliza meza iko wapi. Nikamwambia. Akauliza dirisha, akauliza kitanda kimetandikwa vipi.

"Na mlango?"

"Mlango ni damu ya mzee hasa. Umetoka vizuri mno."

Akanibana mkono.

"Ungenidanganya juu ya ukuta," alinong'ona, "huu mlango nisingeuona."