Matairi ya Mtu wa Kwetu

Mume wangu Ishaka ana haya mpaka inakera. Nasema haya, si heshima, heshima naijua. Mpe chai isiyo na sukari, atainywa mpaka tone la mwisho na kusema Alhamdulillahi. Akikanyagwa mguu, yeye ndiye anayeomba radhi. Miaka kumi na minne ya ndoa, tangu Ngamiani, Tanga, mpaka huku kusini kabisa mwa Afrika, mtaa wa La Rochelle, mwenye mdomo ni mimi Shufaa. Majirani wananiita Mama Pilipili. Na waite.

Kazi yake ni kupeleka mablanketi Lesotho kwa pikapu, juu kabisa milimani, kila Jumatatu. Januari barabara ni mvua na matope. Juni na Julai ni theluji. Sisi watu wa pwani barafu tuliijua kwenye friji. Kule inaganda barabarani, upande mmoja jabali, upande wa pili shimo tu. Mwezi wa tano matairi yake yalikuwa vipara. Nikamwambia, "Baba Saida, nunua matairi ya njia zote, yanayoshika kwenye maji na kwenye theluji. Yawe ya bei yetu, lakini yashike." Akasema sawa.

Ijumaa akatoka kuswali mtaa wa Mayfair, akarudi na matairi manne yamefungwa tayari, meusi, yanang'aa. Kayatoa wapi? Kwa Masika. Masika ni wa Ngamiani, mtaa wetu uleule, anauza matairi ya mitumba.

"Umeyakagua?" nikamuuliza.

Akanitazama kama nimemtukania mama yake. "Nimkague mtu wa kwetu, mbele za watu? Tumetoka kuswali bega kwa bega!"

Huo ndio ugonjwa wetu. Mgeni akituuzia kitu tutakipekua mpaka akasirike, lakini wa nyumbani akikuuzia, kukigeuzageuza ni kumwita mwizi. Unapokea, unashukuru, unamwombea na dua. Na wao wanajua! Ndiyo maana wanatuuzia uchafu.

Jumamosi nikaendesha pikapu mwenyewe kwenda kuongeza upepo kwa Évariste, Mkongo, fundi wa matairi kona ya pili kutoka kwetu. Huyu ndiye Ishaka aliyempita, akaenda mbali kwa mtu wa kwetu. Évariste akainama, akapitisha kidole kwenye kashata za tairi, yale meno ya kushika barabara, akakunja uso.

"Maman, nani aliwauzia hii? Hii pneu ni muzee. Balikata na kisu ya moto."

Akanionyesha. Tairi lilikwisha zamani likawa kipara. Mtu akachukua kisu cha moto, akachonga kashata upya kwenye mpira uleule mwembamba, akapaka rangi. Ndani ya mfereji mmoja nyaya zilikuwa zinachungulia. Pembeni kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka lilipotengenezwa. Mwaka wenyewe Saida wetu alikuwa hajazaliwa, na sasa yuko darasa la saba! Mpira wa umri huo, Évariste akasema, kwenye baridi unakuwa mgumu, unateleza hata ungekuwa na kashata za kweli.

Kisha akanivingirishia la kwake. Jina la Kichina nisiloweza kulitamka, lakini jipya, mpira laini, na juu ya kila kashata mikato myembamba kama ya wembe, ya kushika maji na theluji. Pembeni limechorwa mlima wenye chembe ya theluji ndani yake. "Hii ndio ya kule juu," akasema. "Haina jina kubwa, njo maana bei iko chini." Bei yake na ya Masika zilikuwa karibu sawa.

Jumapili nikamtia Ishaka kwenye pikapu, mimi kwenye usukani, mpaka Mayfair. Masika amekaa mbele ya mgahawa wa Wasomali na chai yake, watu wamemzunguka.

"Masika, matairi haya umeyachonga?"

"Ah, shemeji! Karibu chai kwanza."

"Chai kanywe na shetani wako! Umeyachonga, hukuyachonga?"

"Ni mazima hayo, shemeji. Ishaka, mwambie mkeo apunguze jazba."

Ishaka akatazama viatu vyake.

Nikafungua mlango wa pikapu. "Kama ni mazima, panda. Kesho anakwenda mlimani, na theluji ya mapema imetangazwa. Kaa naye hapa mbele mpaka juu, ushuke naye. Chakula cha njiani nitawapikia mimi."

Masika akacheka. Mimi nimeushika mlango tu. Akautazama mlango, akawatazama wenzake, kicheko kikamkauka. "Kesho nina shughuli," akasema.

Hapo hata wenzake wakaguna. Pesa akazirudisha palepale, bila mimi kusema mara ya pili. Wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Huyu angetula mpaka mifupa.

Tukaondoka kwenda kwa Évariste. Tumesimama kwenye robot, taa za barabarani, nyekundu imewaka, Ishaka akasema polepole, "Mama Saida, niliziona."

"Uliona nini?"

"Zile nyaya. Ijumaa ileile, matairi yanafungwa. Nikaona haya kumwambia."

Nikazima injini hapohapo. Taa ikawa kijani, sikuiona.

"Ulijua? Ungepanda ule mlima na unajua? Uniache mjane, Saida abaki yatima, ili Masika asiaibike?"

Akageukia dirisha.

"Masika umemwonea haya. Mimi je? Mwanao je? Sisi hukutuonea haya, Ishaka?"

Magari yakapiga honi nyuma, mtu akanitukana kwa Kizulu, nikamrudishia kwa Kidigo. Ishaka alikuwa analia.

Jumatatu alipanda na matairi ya Évariste. Theluji ilimkuta juu kabisa, akashuka salama. Jumatano akaingia ndani anatabasamu, akasema yameshika vizuri sana. Nikampakulia wali. Kusema naye, bado.