Feni Iliyokufa Njia ya Bisil

Saa kumi na mbili u nusu asubuhi, Kitengela. Nilikuwa naenda Bisil kumchukua mama mkwe, ambaye sote tunamwita Mwaitu. Kifua kilikuwa kimembana, na daktari alikuwa anamngoja hapa Kitengela saa nane mchana. Vumbi lilikuwa mwiko kwake, na gari letu kuukuu lilikuwa na feni mbovu, ile inayopuliza hewa ndani. Ukifunga madirisha unaiva. Ukiyafungua unakula vumbi.

Feni hiyo ilianza kuugua kabla mume wangu, Baba Mwende, hajaenda Uarabuni kuendesha malori. Dawa yake ilikuwa kisigino changu. Yeye alikuwa usukani, mimi kushoto. Ikinyamaza alinitazama tu, nami natia teke chini ya dashibodi, inaamka. Sasa ni mwaka wa tatu dereva ni mimi, kiti cha kushoto ni kitupu, na mguu wangu haufiki huko. Upweke nyumbani nimeuzoea. Wa ndani ya gari lile umenishinda, na siku zile nilikuwa nahesabu wiki zilizobaki mkataba wake uishe.

Nilimpigia kabla ya kutoka. "Ni fyuzi tu, Mama Mwende. Badilisha fyuzi." Nikabadilisha. Wapi! Aliye mbali ndiye fundi mkuu, na nani atambishia?

Saa moja na nusu, Isinya. Madirisha wazi, vumbi la malori mdomoni. Nilijishika nikikiambia kiti kitupu maneno niliyozoea kumwambia Baba Mwende akinitazama, "Itazame barabara, wewe." Nikacheka peke yangu.

Saa tatu, Bisil. Mwaitu alikuwa amekaa mlangoni pa duka lake, leso mdomoni.

"Umekula vumbi yote, mimi umeniachia gani?" akanitania, kisha akakohoa hadi akashika ukuta. Aliponimiminia chai akasema, "Mwanangu akipiga simu, mwambie niko sawa."

"Lakini hauko sawa, Mwaitu."

"Mtu wa mbali haambiwi kikohozi. Atalala aje?"

Ndivyo tunavyoishi na walio ng'ambo: huku tuko sawa, mvua imenyesha, watoto wamekua.

Saa nne tukaondoka, yeye kushoto na fimbo yake. Nilimweleza habari ya teke. "Nimelea watoto sita, feni ndio itanishinda?" Akagonga chini ya dashibodi kwa fimbo, feni ikanguruma, tukapandisha vioo na kuimba pambio la kanisani kwetu. Lakini karibu na Kajiado, nyuma ya lori la ng'ombe, ikakata. Akagonga mara tatu. Kimya. Joto likajaa, nikafungua dirisha kidogo, vumbi likaingia, na Mwaitu akakohoa kikohozi ambacho sitaki kukisikia tena. Niliogopa kweli.

Saa tano, Kajiado mjini. Fundi Lemayian, mzee mwenye mvi, aliacha kazi aliyokuwa nayo akaja mbio.

"Supa, koko," akamsalimu Mwaitu kwa Kimaasai, kama bibi yake.

"Ipa," Mwaitu akajibu kwa shida. Akaketishwa ndani ya duka la spea, leso imeloweshwa maji.

"Fyuzi?" fundi akaniuliza.

"Nimebadilisha."

Akapima umeme kwenye waya kwa taa ndogo. "Moto inafika." Akagonga mota kwa mpini wa bisibisi, ikazunguka kidogo, ikalala. "Nani amekuwa akipiga hii kitu?"

"Ni mimi, miaka mingi, kabla mume wangu hajasafiri. Leo ni Mwaitu."

"Ulikuwa unaiamsha tu, haukuwa unaiponya." Akaifungua mota na kunionyesha brashi zake, vijiti viwili vya makaa vilivyolika vikabaki kama kucha. "Ukipiga, zinagusa kidogo. Lakini zinaendelea kuisha, na wewe unafikiria iko sawa." Akatoa nyingine kwenye mota kuukuu, akazipiga msasa mpaka zikaingia.

Saa sita na robo feni ilipuliza kwa nguvu zake zote. Mwaitu alilala njia nzima, vioo vimefungwa, na saa nane kasorobo tulikuwa kwa daktari. Daktari alimweka kwenye mashine ya kusaidia kupumua, akasema tumefika kwa wakati. Nilimshukuru Mungu. Hata hivyo niliporudi garini na kuiona feni ikijiendea bila kuguswa na mtu, nililia.

Jioni Baba Mwende akapiga. Mwaitu, kitandani, alinipungia mkono: sema tuko sawa. Nikamweleza mume wangu habari ya feni.

Akacheka. "Kumbe mnajiweza bila mimi! Basi wacha niweke sahihi. Wananipa miaka mingine miwili."

Nilichojifunza katika safari hiyo nilikijua hapo, simu ikiwa sikioni: hizi "tuko sawa" zetu ndizo zilizokuwa zikimweka huko.

"Mama yako amekohoa mwezi mzima," nikamwambia. "Leo nilidhani tutampoteza njiani. Na mimi nimechoka kukungoja. Usiweke sahihi."

Mwaitu akanyoosha mkono, nikadhani anataka kukata simu. Aliichukua, akaiweka karibu na mdomo.

"Mwanangu," akasema, "rudi nyumbani."