Gunia la Mashudu Lililoota Ukungu

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiiwaza nainamisha uso hata nikiwa peke yangu.

Nilikuwa kijana wa Chamazi, na watu ndiyo kwanza walikuwa wanaanza kuchimba mabwawa ya samaki nyuma ya nyumba. Mie nikawa natengeneza chakula cha samaki hao. Nilichukua mashudu ya alizeti kwenye kinu cha mafuta, yale makapi yanayobaki mbegu zikishakamuliwa, nikayasaga pamoja na pumba za mpunga na vichwa vya dagaa. Wenzangu waliona taka, lakini perege walikula wakanenepa. Mtaani wakaniita Fundi, nami nikaitika kwa sauti.

Siku hiyo mvua iliingia stoo. Gunia moja likalowa, likaota ukungu wa kijani. Mzee Salehe, msimamizi wa kile kinu, alipita, akachota kidogo na kunusa.

"Hili tupa," akasema. "Usimpe kiumbe yeyote."

Nikaitikia, "Sawa mzee." Alipoondoka nikayaanika mashudu yale juani mpaka harufu ikapungua, kisha nikayachanganya na mazuri.

Chakula kile kilikwenda kwa Mwalimu Eliwaza, mama mstaafu kutoka Upareni. Kiinua mgongo chake chote alikuwa amekifukia kwenye bwawa moja. Wiki chache baadaye akaniita. Samaki walikuwa wamevimba matumbo, wengine wanaelea ubavu.

"Baba, wewe ndiye fundi. Nimekosea wapi?"

Mwanangu, nilijua kabla hajamaliza kuuliza. Lakini nilichuchumaa, nikachota maji kwa kiganja, nikayanusa kama daktari.

"Ni maji, mwalimu. Badilisha maji."

Akabadilisha. Mama wa watu, na magoti yake mabovu, alibeba ndoo siku mbili. Na chakula changu akawaongezea, eti wapate nguvu.

Walipozidi kufa alikuja kwangu. Mzee Salehe alikuwepo, ameketi kwenye benchi. Nikamwamkia mwalimu shikamoo, akaitikia, kisha akaniomba radhi. Yeye, mimi!

"Nisamehe baba, nimekuharibia jina. Watu watadhani ni chakula chako, kumbe ni uzembe wangu."

Nilitazama miguu yangu. Alipotoka, Mzee Salehe akauliza taratibu, "Lile gunia ulilitupa?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi mfuate. Mie siwezi kukusemea."

Nilimkimbilia, nikamkuta karibu na kisima cha msikiti. Nikasema yote, hata ile ya kunusa maji. Akakaa kwenye ukuta mfupi wa kisima, akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Ungesema siku ile," alisema, "ningewaokoa wengi."

Hakunitukana. Laiti angenitukana! Tulikwenda pamoja, tukakifukia chakula kilichobaki, na kwa wiki nyingi nilimletea kingine kizuri na kumsafishia bwawa. Walipona wachache mno. Alinisamehe, na salamu zangu aliitikia hadi mwisho wa uhai wake. Ila alipofuga tena, alijifunza kusaga chakula chake mwenyewe. Hakununua kwangu tena, wala sikuthubutu kumwomba.

Ninyi mnaosaga makapi kuwa chakula siku hizi, na mashine zenu nzuri, nawapongezeni. Lakini kilichooza kitupe, hata kama hakuna anayekuona. Na ukishakosea, sema siku ileile, wakati bado kuna cha kuokoa. Mie kufanya kosa kulinichukua asubuhi moja tu. Kilichoua bwawa la mama yule ni siku zile nilizokaa kimya nikilinda jina la Fundi.

Mungu akupe mikono misafi, mwanangu, na ulimi mwepesi wa kukiri. Akujalie kutazamana na jirani yako uso kwa uso mpaka uzeeni.